Nimepata Mahali

Mtoto alikuwa na majuma mawili duniani alipousikia wimbo ule, na haikuwa kwa kupenda kwa mama yake. Chesang alikuwa amemlaza kitandani katika chumba chao cha kupanga mtaani Tuwan, mjini Kitale. Mkono mmoja ulimpapasa mtoto mgongo na mwingine ulitafuta kwenye simu namba ya muuguzi wa kliniki, maana kilio kilikuwa kimeanza tangu chai ya saa nne na majirani walikuwa wameshachoka kuuliza kuna nini. Kidole kikateleza. Ujumbe wa sauti wa marehemu baba wa mtoto ukafunguka wenyewe. Zikaja nyuzi za litungu, tatu zikishuka na moja ikipanda, halafu Derrick akakohoa kidogo, kama alivyozoea kabla ya kuimba.

Chesang aliganda. Mtoto akafunga kinywa, akageuza macho upande wa simu, akavuta pumzi moja ndefu na kulala.

Mzazi mwingine angepiga magoti kushukuru. Chesang alitamani kuitupa simu chooni. Wimbo ule alikuwa ameusikia mara moja tu, mwezi wa nane, akaapa hatausikia tena maishani, na sasa mtoto aliyemzaa mwenyewe alikuwa ameuchagua katika nyimbo zote za dunia.

Derrick Mukhisa alikuwa mtu wa Chwele, kule Bungoma. Kitale alikuwa fundi wa redio na spika, katika kibanda alichogawana na Ngige, fundi wa simu. Siku za kazi alinuka moshi wa risasi ya kuchomelea nyaya, na Jumamosi alivaa shati jeupe akaenda kupiga kinanda cha umeme harusini. Litungu, ile ala ya nyuzi saba ya kwao, aliiweka kwa ajili ya nyumbani. Ulimi wake haukujua mpaka wa l na r. Aliishi Kitare, alisalimu watu habali ya asubuhi, na siku ya uchaguzi alichelewa kurudi akasema alikuwa kwenye foleni ndefu ya kupiga kula. Chesang akamuuliza kama hicho chakula kilikuwa na nyama. Walicheka mpaka chai ikapoa.

Waliishi pamoja bila sherehe, kama vijana wengi wa mji. Mzee Kemboi, babake Chesang, mwalimu mstaafu mwenye shamba la mahindi na vitunguu kule Saboti, alikuwa amesema wazi kwamba huyo mwimbaji hatakanyaga ua wake akiwa mikono mitupu. Basi kila Chesang alipokwenda kwao Jumapili, Derrick alimsindikiza mpaka madukani Saboti, kisha akajificha nyuma ya kinu cha kusaga unga na kumsubiri huko mpaka jioni. Mtu mzima, fundi anayeheshimika, anajibanza nyuma ya kinu na kurudi nyumbani na nywele nyeupe za unga. Alilifanya liwe jambo la kuchekesha, lakini halikuwa linamchekesha.

Mimba ilipoonekana, alianza mchezo mwingine. Kila jioni alikaa kigodani, akaegemeza tumbo la litungu kwenye tumbo la Chesang, akapiga tuni ile ile moja, tatu zikishuka na moja ikipanda, bila maneno. Alidai mtoto anasikia. Chesang alimjibu kwamba mtoto anapigiwa kelele, lakini ukweli ni kwamba kulikuwa na teke moja, halafu la pili, kisha utulivu mzito ulioshuka mpaka miguuni. Yeye mwenyewe alikuwa akisinzia hapo hapo kwenye kiti, na siku ambazo Derrick alichelewa kurudi alijikuta ameshika tumbo akisubiri.

Mwezi wa nane ulipoingia, Derrick alifunga safari kwenda Chwele. Alisema kuna kitu anatafuta. Kitu gani, hakusema, akacheka tu. Alichukua litungu na kinanda. Juma likapita, la pili, la tatu. Pale dukani alikofanya kazi Chesang, duka la mbegu na dawa za mifugo, palikuwa na Sandra, bingwa wa habari za waume za watu. Sandra alipima maneno yake pamoja na chumvi ya ng'ombe, akasema mwanamume anayeondoka na vyombo vyake vyote hajaenda kutembea, amehama, na mara nyingi anahamia mahali palipo tayari na moto jikoni. Chesang alimcheka mbele ya wateja. Jioni maneno yale alienda nayo nyumbani.

Jumanne moja mchana, akiwa katikati ya magunia ya mbegu, simu ikalia na ujumbe wa sauti ukaingia. Ilikuwa tuni yao, ile ya kigodani, lakini sasa ilikuwa na maneno:

*Chesang, waambie wa kwenu,*
*usilie tena, nimepata mahali,*
*sitajificha tena.*

Alisikia mara moja. Derrick amepata mahali. Hatajificha tena, na wa kwao Saboti waambiwe waje wamchukue binti yao na tumbo lake. Na kwa nini amwimbie kwa tuni ya mtoto, kama si kumkejeli? Damu ilimpanda, masikio yakaziba, akaizima simu na kuendelea kumhesabia mteja pakiti za mbegu kwa sauti isiyotetemeka. Sandra alimwambia baadaye kwamba siku ile alikuwa na uso wa mtu aliyemeza kijiwe.

Derrick alipiga simu Jumanne jioni. Chesang aliitazama ikilia mpaka ikachoka. Alipiga Jumatano, akapiga Alhamisi, na mara ya mwisho iliacha kulia kabla hata ya kufika nusu. Ijumaa asubuhi aliazima pikipiki ya binamu yake, akatoka Chwele kuja Kitale katikati ya mvua. Kwenye kona moja baada ya Kamukuywa, tairi likateleza akaingia chini ya lori la miwa.

Katika mazishi Chesang alikaa nyuma kabisa kwenye kiti cha plastiki, mimba ya miezi sita, na hakutoa hata chozi. Wanawake wa Chwele walimtazama wakatazamana. Mama wa marehemu, Dinah Nabwile, alimtupia jicho mara moja tu kutoka upande wa jeneza, jicho ambalo halikuuliza kitu, kisha akageuza uso. Kesho yake Chesang alirudi Kitale. Tangu hapo hakuna aliyempigia mwenzake simu. Hilo la simu ambazo hakushika Chesang hakumwambia mtu yeyote, hata mchungaji, na mtoto alipozaliwa mwezi wa kumi na moja alimwita Ian, jina ambalo halikuwa la mtu yeyote wa Chwele wala wa Saboti.

Sasa Ian huyu ndiye aliyekuwa akimlazimisha. Alijaribu nyimbo za kanisani, akajaribu redio, akamwomba hata Sandra amwimbie. Mtoto alikunja uso na kuongeza sauti. Akigusa ujumbe wa marehemu, kimya. Basi akaweka utaratibu. Alimlaza mtoto, akaacha simu kando ya mto ikirudia wimbo, akatoka nje mpaka kwenye mfereji wa ploti, akafungua maji yamwagike kwenye mtungi kwa nguvu ili asisikie. Majirani walidhani ni mwanamke msafi kupita kiasi.

Lakini wimbo hauhitaji mlango. Alianza kuusikia ndani ya yale maji, tatu zikishuka, moja ikipanda. Akausikia kwenye mnyororo wa mzani dukani. Kila ulipomjia ulikuja na harufu ya moshi wa risasi, hata akiwa katikati ya dawa za kupe, na mara mbili alishtuka amesimama mbele ya kibanda cha Ngige bila kujua miguu ilimfikishaje. Siku moja mzee kutoka Moi's Bridge, mteja mpole aliyekuja kuchagua mbegu, alimtazama kwa muda halafu akamuuliza taratibu ni nani aliyekufa. Chesang akauliza kwa nini. Mzee akasema ni huo wimbo anaoimba puani. Alikuwa hajui kwamba anaimba.

Akaanza kuogopa kichwa chake mwenyewe. Aliogopa hasa mstari wa pili. Hata akiwa amejifunga leso masikioni alijua umefika, maana kifua kilimkaza na maziwa yakakataa kutoka. Kwenye kliniki, muuguzi Kipkosgei alimpima Ian akatikisa kichwa, uzito umesimama pale pale mwezi wa pili huu. Akauliza mama analala saa ngapi. Akauliza kama kuna jambo nyumbani. Akamshauri awe anamwimbia mtoto yeye mwenyewe anapomnyonyesha, maana sauti ya mama huwatuliza wote wawili. Chesang alisema hana sauti, na Kipkosgei akaandika kitu kwenye kijitabu cha mtoto.

Mwezi wa nne, akifua nepi, simu ilitoka kwenye mfuko wa aproni ikazama ndani ya beseni. Ngige aliifungua, akaipuliza, akaiangalia kwa kioo chake cha jicho, akasema imekwenda na kila kilichokuwa ndani, hata Derrick angekuwepo hangeifufua. Ni aibu kulisema, lakini Chesang alifurahi. Alitoka pale kibandani mwepesi, akanunua ndizi, akatembea mpaka Tuwan akihisi kwamba kuna mtu amemshusha mzigo begani bila kuombwa.

Furaha hiyo haikumaliza hata alasiri. Ian alilia siku hiyo, akalia kesho yake. Alikataa ziwa. Sauti ikakauka, ikabaki mkwaruzo, na katikati ya mkwaruzo alikuwa akinyamaza ghafla na kugeuza macho upande wa mto, pale simu ilipokuwa ikikaa, akisikiliza. Halafu anaanza upya. Hicho kimya kilimwuma Chesang kuliko kilio. Siku ya tatu asubuhi mtoto alikuwa na midomo mikavu na macho yaliyoingia ndani, na Chesang akajua kwamba akiendelea hivi atampoteza huyu pia. Alimkimbilia Ngige, akamwuliza kama kuna mahali pengine wimbo wa mwisho wa Derrick unaweza kupatikana. Ngige alifikiri. Akasema Derrick alimwekea mama yake nyimbo kwenye memori kadi ya redio ndogo, na kama wimbo huo upo popote basi upo Chwele kwa Mama Dinah.

Ilikuwa siku ya soko alipofika Chwele, mbuzi na pikapu za kabeji zikigombania barabara. Alipita kando na mtoto mgongoni, akakata njia ya mashamba mpaka kwenye boma analolijua kwa siku moja tu ya maisha yake. Kaburi lilikuwa karibu na migomba, limesakafiwa. Dinah Nabwile alikuwa barazani akichambua maharagwe kwenye ungo. Hakusimama. Alisikia ule mkwaruzo kutoka mgongoni mwa mgeni, ndipo akaweka ungo chini.

"Mlete," alisema.

Alimpokea mjukuu ambaye hajawahi kumwona, akamtazama paji la uso, masikio, vidole, na Chesang aliona kidevu chake kikicheza. Bila kuuliza neno, akafanya kile ambacho watu wa kwao hufanya mtoto anapolia pasipo sababu. Alimwinamia sikioni akaanza kuita majina ya wafu wa nyumba ile, moja baada ya jingine, akisubiri kidogo kila baada ya jina, maana huenda kuna aliyetaka kuitwa kupitia kwake. Aliita Wekoye, baba mkwe wake. Aliita wengine ambao Chesang hakuwajua. Ian alilia kupitia majina yote. Lilibaki jina moja, la aliyelala pale migombani, na Dinah alifungua kinywa kulisema likamshinda.

Chesang akasema hakuja kwa ajili ya jina. Alikuja kwa ajili ya wimbo, ule wa mwisho, mtoto halali bila huo.

Dinah alimtazama kwa muda mrefu. "Ule si uliukataa?"

Mama mkwe akaingia ndani, akatoka na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira, lakini hakuiwasha. Alisema hapa siyo, waende kwa mwenyewe. Akatangulia na mtoto begani kuzunguka nyuma ya nyumba mpaka kwenye banda la ng'ombe. Ndani alisimama mtamba mmoja, mweusi mwenye baka jeupe shingoni, bado hajazaa, ananenepa. Dinah alibonyeza redio.

Tatu zikishuka, moja ikipanda. Derrick akakohoa.

Ian akanyamaza kabla hata ya neno la kwanza. Yule mtamba naye akaacha nyasi, akainua kichwa, akaja taratibu mpaka kwenye mbao na kusimama shingo nje, masikio mbele. Dinah alisema anafanya hivyo kila siku, maana Derrick alikuwa akimpigia litungu hapo hapo zile siku alizokuwa naye. Chesang alitafuta kwa macho mfereji, pipa, chochote chenye maji. Hapakuwa na kitu. Alibaki amesimama, na mstari wa pili ukamkuta wazi bila kinga.

*Usilie tena, nimepata mahali.*

Dinah alikuwa akimkuna mtamba shingoni. "Ndiyo huyu," alisema. "Huyu ndio mahali yako."

Chesang aliangalia banda, akaangalia paa la bati, asielewe. "Mahali gani, mama?"

"Mahali ya kupeleka kwa baba yako. Si ndiyo Derrick anaimba hapo? Aliuza hiyo kinanda yake ya halusi, akanunua huyu hapa soko. Akasema wazee wakikubali wanapeleka Saboti, asikuwe mtu wa kujificha."

Wimbo ulikuwa umeanza tena. Chesang alisikia neno likija kutoka mbali, akalisikia likifika, na safari hii ulimi wake mwenyewe ulilisahihisha kabla akili haijawahi.

"Mahari," alisema.

"Si ndiyo nasema. Mahali."

Chesang akakaa kwenye ukingo wa hori. Waambie wa kwenu. Usilie tena. Sitajificha tena, yaani kule nyuma ya kinu, na unga nywelani. Kila neno lilikuwa mahali pake tangu siku ya kwanza. Yeye aliyemcheka Derrick kwa kupiga kula, yeye ambaye angeweza kutafsiri ulimi ule hata usingizini, siku iliyohitajika zaidi alikuwa amesikia sauti ya Sandra. Kwa karibu miezi minane alikuwa amejiona mwanamke aliyeachwa, na katika uchungu wote huo kulikuwa na kitu kidogo cha kushikilia, kwamba kosa ni la mwingine. Sasa hicho nacho kilikuwa kimekwenda. Hakuna aliyemwacha. Derrick alipanda pikipiki kwenye mvua kuja kumwambia kwa mdomo habari njema ambayo yeye alikataa kuisikia kwa simu. Heri angekuwa ameachwa kweli.

Akalia hapo, kilio ambacho wanawake wa Chwele walikuwa wamekingoja mazishini. Akasema kila kitu, jinsi alivyosikia vibaya, jinsi simu ilivyolia Jumanne, Jumatano, Alhamisi, akiitazama.

Dinah alimpa mtamba nyasi, akafuta mkono kwenye leso. "Nilijua kuhusu simu," alisema mwishowe. "Alikuwa anapiga akisimama hapo umekaa. Mimi naona. Nikasema, huyu msichana ameambiwa mahali imepatikana na bado anakataa mtoto yangu. Nimekuchukia, Chesang. Hata huyu mtoto sikutaka kuja kumwona."

"Sikujua, mama."

"Sasa naona hukujua. Lakini hiyo chuki imezoea kukaa hapa," akajigusa kifuani. "Sijui nitaipeleka wapi."

Haikuwa kauli ya kusamehe, na Chesang hakuitegemea iwe. Walibaki hivyo, mmoja kwenye hori, mwingine amesimama, na Derrick akiimba katikati yao, mara ya nne au ya tano. Ndipo redio, ambayo mawe yake ya betri yalikuwa ya tangu Pasaka, ikafika kwenye mstari wa pili, ikasema nimepata, ikakata.

Dinah aliitikisa, akaifungua, akayauma mawe kwa meno kama watu wanavyofanya ili yapate nguvu kidogo. Haikusema kitu. Ian akafungua macho. Akageuza kichwa kuitafuta sauti, huku na huku, na mdomo ukaanza kukunjika. Chesang alimwona akisikiliza ule utupu, kama alivyousikiliza Kitale, na akajua hakuna simu wala redio wala fundi wa kumsaidia sasa. Akasimama, akamchukua mtoto kutoka begani kwa nyanya yake, akamweka kifuani mahali ambapo Derrick alikuwa akiegemeza litungu, na kuendelea pale redio ilipoachia.

"Mahali," aliimba, vile vile kama mwenyewe. "Sitajificha tena."

Sauti ilikuwa mbaya. Ilikwaruza, ilipotea njia kwenye ule uzi unaopanda, ikarudi. Ian alilia kidogo juu yake, akanyamaza kumtazama mdomo, akalia tena. Akaimba tangu mwanzo, waambie wa kwenu, akakohoa kidogo kabla ya kuanza bila kukusudia, na hicho kikohozi ndicho kilichomshika mtoto. Alipofika mara ya tatu, mdomo mdogo ulikuwa umelipata ziwa na maziwa yalikuwa yakishuka bila kizuizi. Dinah alikuwa amegeuza uso upande wa migomba. Mabega yake yalikuwa yakitetemeka, na Chesang hakuacha kuimba.

Siku hizi Ian ananenepa. Kipkosgei amempima akamsifu mama, kwamba ushauri wake umefuatwa. Wimbo wa redio Ngige aliuhamishia kwenye simu mpya, lakini mtoto hauhitaji tena, analala hata Sandra akiwa anaongea. Anayeuhitaji ni mama yake. Akimlaza Ian, Chesang huweka simu kando ya mto wake mwenyewe, hafungui mfereji wowote, na kama hajasikia kile kikohozi hapati usingizi. Akikisikia hupata usingizi, na ndani ya usingizi kuna simu inayolia Jumanne, na Jumatano, na Alhamisi, na kila mara ananyoosha mkono aishike na mkono haufiki.

Mtamba alifika Saboti mwezi wa tano, ndani ya pikapu, akisindikizwa na wajomba wawili wa marehemu na Dinah Nabwile mwenyewe akiwa amevaa nguo za kanisani. Mzee Kemboi alifungua lango kwa mikono yake. Alisema mambo yaliyofaa kusemwa, kwamba mtoto sasa ana kwao, kwamba marehemu amekuwa mkwe, ingawa alimeza mate mara nyingi kabla ya neno mkwe. Alimzunguka ng'ombe, akamsifu mgongo, akauliza anaitwaje.

"Mahali," Chesang alisema.

Mwalimu hastaafu kabisa. Kemboi alitabasamu kwa upole akasema labda ametaka kusema mahari, maana mahali ni pale mtu anaposimama.

"Hapana, baba. Ni Mahali."

Ian alikuwa mgongoni, na Chesang alikuwa akimbembeleza kwa tuni ile puani, kwa mazoea tu. Mtamba akainua kichwa. Hakumtazama Chesang aliyekuwa akiimba. Aligeuza shingo upande wa chini, madukani, na kusimama hapo masikio mbele, akitazama ukuta wa nyuma wa kinu cha unga. Chesang aligeuka pia kabla hajajizuia. Kulikuwa na baiskeli imeegemezwa na magunia mawili matupu, na unga ulikuwa umetanda juu ya nyasi pale mtu anapoweza kusimama.